Safu ya Kulia

Mimi Yelka Torvund, karani wa stoo, Kikosi cha Tisa,
mwezi wa Aruspe, upande usioona jua.
Kazi yangu daftari. Safu ya kushoto: askari.
Safu ya kulia: vifaa.
Mafuta, nyaya, glavu, wasaidizi.

Kilishuka na meli ya chumvi, chenyewe na wenzake kumi na wanane,
miguu sita, ngozi ya rangi ya bati lililonyeshewa,
mdomo hauonekani.
Nikakigongea muhuri begani: arobaini na moja.
Kikagonga sakafu mara mbili.
Nilidhani kina hitilafu.

Bwaloni hakikuingia. "Kinanuka," alisema Sajini Oddmar,
ambaye soksi zake tulizitoa nje kwa koleo.
Kikawa kinakula barafuni, kikiutazama mlango,
na kikombe chake tukakipaka mstari wa manjano
asije mtu akakosea akanywea.
Kikombe na mwenye kikombe, ngeli moja.
Brashi niliishika mimi. Niseme hilo mapema,
kabla hamjaanza kunipenda.

Koplo Zhenmar alikuwa na mzaha wake:
"Kikifa tunaagiza kingine, kwa fomu ileile ya betri."
Tulicheka. Chakula kilikuwa kibaya na mzaha ulikuwa wa bure.

Usiku wa handaki la nne hewa ikaanza kuvuja.
Mlango wa chuma ulikuwa ukijifunga wenyewe,
nasi thelathini na wawili tuko upande mbaya.
Kiliingiza mgongo kati ya mlango na fremu.
Saa nzima na robo.
Nilipita chini ya kwapa lake la tatu nikimburuta Oddmar,
nikaisikia mifupa
(wana mifupa, sikujua)
ikialika kama barafu ya ziwa siku ya kuyeyuka.
Kikagonga mara mbili.
Akagonga mara mbili.
Ndipo nilipojua. Siku ile ya muhuri, alikuwa ananisalimu.

Asubuhi Kapteni Ruvane akaniletea karatasi:
"Andika: 41, kimeharibika. Safu ya kulia."

Nikaitazama kalamu.
Chawa wa blanketi langu akiniuma, nasema ameniuma.
Panya wa stoo amekufa, nzi ameanguka kwenye supu.
Hata kiroboto, na hiyo ki yake mbele kama kibandiko,
ameruka; mtoto akisema kimeruka tunamcheka.
Lugha imempa kiroboto kiti,
sisi tukamnyima aliyetushikia mlango.

Nikaandika: Amekufa. Safu ya kushoto.
Kapteni akakata kwa wino mwekundu.
Nikaandika tena. Akakata tena, karatasi ikatoboka,
ukurasa wa chini, wa vijiko, nao ukaingia mwekundu.
Oddmar, anayepumua kwa hisani ya mgongo ule,
aliwaambia nimechoka, nipewe likizo.
Sikupewa likizo. Nimevuliwa utepe mmoja,
na sasa nahesabu hivyo vijiko.

Juzi nilitoka barafuni na kikombe kisicho na mstari.
Arobaini na mbili alikuwa peke yake.
Ana jina. Koo langu haliliwezi, lakini nimeliuliza;
la yule mwingine sikuliuliza kamwe.
Kugonga nimejifunza kidogo, kigugumizi changu cha vifundo.
Nikamwuliza: katika lugha yenu, sisi tumo ngeli gani?

Alinyamaza hadi mvuke wa kikombe ukaisha.
Kisha akanigongea, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto:
mmo pamoja na baridi, na njaa, na zamu ya usiku,
vitu vya kuvumiliwa mpaka vipite.

Nikanywa mimi kwanza. Nikampa.
Alikigeuza kikombe mkononi mara tatu,
akiutafuta mstari.