Daftari la Maji

Maji yakimwagika hayazoleki, twasema.
Obadiah Thurlby aliyazoa
miaka ishirini na sita, usiku na mchana,
kwa pampu ya mvuke, kwenye nyanda za Lincolnshire,
ambako shamba limelala chini kuliko mto
na tishari la makaa hupita juu ya kichwa chako.

Kila alfajiri aliandika: Futi nne, inchi sita.
Upepo wa mashariki. Makaa, magunia tisa.
Hapo ndipo Keziah, bintiye, alipojulia kusoma.
Msimtafutie shule nyingine.

Alikuwa na homa, kama wote wa kule,
homa ya mabwawa, ijayo kwa zamu kama mlinzi.
Mama alichemsha vichwa vya maua ya afyuni,
akamnywesha kikombe;
dari ikaanza kutembea.
Siku aliposhuka kitandani, miaka tisa,
miguu kama njiti, akachovya kalamu ya baba:

Futi tano. Maji yameleta mlango, na ufunguo wake.
Inchi nane. Mkunga amepita. Si samaki,
yule wa kuzalisha. Kofia haikulowa.

Bwana Pocklington, mkaguzi wa mifereji,
aliusoma ukurasa mara mbili. Hakucheka.
Shilingi tatu zikakatwa.

Keziah akangoja fimbo.
Baba alitoa kisu cha kuchunia mikunga,
akakata karatasi tupu za mwisho wa daftari.
"Uongo wako uweke huku," akasema.
"Maji niachie mimi."

Basi akaandika. Sitawachosha:
mashairi ya mvua, vina vikichechemea,
na kisa cha mjane aliyeolewa na bomba la moshi
(hicho nakipenda hadi leo).

Februari ile homa ikamshika Jabez, kitinda mimba.
Kikombe kilizidi kidogo, au hakikuzidi;
nyumbani mle halikusemwa.

Asubuhi ya maziko akafungua daftari.
Mwandiko wa baba:

Futi tatu, inchi mbili.
Upepo wa kaskazini.
Makaa,

na hapo kalamu ilisimama
hata wino ukafanya ziwa.
Magunia mangapi, hakuandika.

Alisimama pale mpaka mtu akaja kumfunga viatu.
Karatasi zake zilikuwa arobaini na mbili.
Alizitia tanurini moja moja,
akaibakiza ile ya mjane,
akaenda kumwomba baba nyingine.

Miaka mingi baadaye, mezani kwa watu, London,
bwana mmoja alimsifu kwa yale asiyoyasema vitabuni,
akauliza ni nani aliyemfunza.
"Fundi pampu," akajibu Keziah.
Wakadhani ni mzaha,
wakampitishia siagi.