Zamu Yetu ni Saa Nane

Kaka mkubwa alipewa kihamba cha juu, penye mibuni na mfereji.
Kitindamimba alibaki na nyumba, na mama, na kaburi la baba.
Mimi wa kati nikaonyeshwa kwa kidole:
"Kule chini, penye vumbi. Kule nako ni kwetu."

Kule ni Kahe.
Mvua tunaiona ikining'inia mlimani
kama nguo ya jirani, imeanikwa upande wa pili wa ua.

Mwaka wa kwanza nilipanda mahindi, nikavuna mabua.
Mwaka wa pili nikaoa.
Nyemo alishuka basi la Dodoma na sanduku moja
na gunia bichi, amelipakata kama mtoto mwenye homa:
vipando saba vya mzabibu, kutoka kwa mjomba wake Hombolo.
"Bibi harusi," ndugu zangu wakacheka, "kaja na kuni zake."
Yeye akachota udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.
"Una magadi," akasema. "Ila nimeona mbaya zaidi."
Sikujua kama alisema udongo
au sisi.

Maji yetu ni ya zamu, na zamu yetu ni saa nane usiku,
Jumanne na Ijumaa, dakika arobaini
kwa simu ya Elinami, katibu wa mfereji, ambayo huenda mbio.
Tunakwenda na jembe, tochi, na magome ya mgomba ya kuzibia.
Maji huja yakijisemea,
yamebeba majani ya kahawa ya kaka,
siku moja kandambili ya mtoto, siku moja kitunguu.
Nayafungulia shina kwa shina:
michungwa ishirini na mitatu, midimu sita,
mkomamanga uliojiotea,
na mwishoni safu ya Nyemo, asiyotaka niishibishe.
"Mzabibu ukinywa sana," huniambia,
"unatoa majani tu, kama ahadi za mgombea.
Uache uone kiu. Sukari inatoka huko."

Mwezi wa nane akachukua mkasi, akaukata wote,
akaacha vigutu.
Nilifoka. Miaka miwili ya usingizi wangu imelala chini!
Kesho yake kila jeraha lilikuwa likidondosha maji,
tone, kisha tone,
na mimi nimechuchumaa pale nikikinga kiganja.

Michungwa ilikuwa kazi yangu.
Nilijifunza kubebesha: jicho la Valensia
juu ya shina la mlimao, maana mlimao haubembelezwi,
nikafunga kwa utepe wa nailoni, nikahesabu siku.
Kumi na tisa ilishika.
Minne, jicho likafa, na shina la chini likaamka na miiba yake.
Mitatu niling'oa.
Wa nne Nyemo alinishika mkono.
"Huo uache. Hata wa chini naye aone jua."

Mwaka huu, vishada kumi na kimoja.
Tulivifunika kwa chandarua chakavu;
chiriku wakaona tundu ambalo mbu hawakuliona,
wakala vinne.
Vimebaki saba.

Jana kaka mkubwa alishuka.
Mfereji wa juu umekuwa mkojo wa mbuzi, alisema,
na migomba inanyauka ikiwa imesimama.
Alipita kati ya michungwa, mikono nyuma,
hakuomba chungwa, zabibu hakuzitazama.
"Mama anataka malimau ya chai."
Nikamchumia, kwenye ule wa nne, mfuko mzima.
Akanusa moja, akakaa nalo.
Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichonunua,
"Hapa kwenu, maji hufika saa ngapi?"

Kwenu, alisema.

"Saa nane," Nyemo akajibu kutoka jikoni.
"Uje na jembe lako."