Stakabadhi

Sanduku la bati lilikuja na barua ya adabu:
kitukuu wa Kapteni Wiegand anaomba karatasi zitunzwe,
zisomwe na yeyote. "Kwetu," ameandika, "zilikaa darini
juu ya vitanda vya watoto. Hatukujua
tuzilaumu au tuzipanguse vumbi."

Nami nimezipangusa. Ndiyo kazi yangu hapa Upanga,
mwaka wa ishirini na mbili sasa:
brashi laini, glavu, penseli tu. Wino marufuku mezani.
Jiji hili halipendi karatasi. Unyevu unaingia bila hodi,
mchwa wana haraka kuliko wizara,
na umeme ukikatika skana inakufa
katikati ya sentensi ya mtu aliyekwisha kufa.

Kapteni alikuwa na mwandiko mzuri, lazima niseme.
Mistari imenyooka kama gwaride.
Mito kaichora kwa bluu. Mbwa wake, Hektor,
kamwombolezea kurasa tatu,
na kaburi kalipimia: hatua kumi kaskazini ya kisima.
Wapagazi ni vijiti. Vitano vitano,
kimoja kimelazwa juu ya vinne
kama kuni zilizofungwa.

Ila mwezi wa Agosti, sijui kwa nini,
labda alichoka kuhesabu,
ameandika majina.

Nilipita juu yake mara mbili nisione watu.
*Tschanzi bin Schomwi.* Nikadhani ni mji wa kwao.
Mpaka nikalisoma kwa sauti, peke yangu, saa saba mchana,
feni imesimama:
Chanzi. Chanzi bin Shomvi!
T, s, c, h: herufi nne zimebeba sauti moja
kama wapagazi wanne chini ya machela.
Nikazitua.

Mbele ya jina: mzigo wa 17, gramafoni.
Chini yake, kwa mkono uleule mzuri:
sahani mbili zimepasuka mtoni. 25.

Hapo sikuhitaji kamusi. Ishirini na tano hiyo
bibi zetu waliiita hamsa-ishirini,
wakiwatishia nayo watoto wasiolala.

Tuliyabandika majina ubaoni, nje, kwa tahajia zote mbili.
Wiki ya tatu akaja fundi cherehani wa Tandika,
futikamba bado shingoni. Pazi Chanzi.
Hakutaka kiti. Mito ya bluu haikumshughulisha.
Aliweka kidole hewani juu ya ukurasa, hakuugusa,
akauliza: "Gramafoni ina kilo ngapi?"

Sikujua. Katika kozi zote walizonipeleka
hawakunifundisha uzito.

"Na hii ya viboko, nayo mtaiweka watu waione?"
Nikamwambia akitaka nitaifunika.
Alinyamaza muda wa kushona kifungo.
"Iache. Ila usimtangulize mbwa."

Basi faharasa nimeipanga upya. Waraka sijaugusa,
sheria ni sheria, herufi zimekaa alivyoziweka.
Lakini katika orodha yangu Chanzi yuko kwenye Ch,
Hektor kwenye H,
na Kapteni mwisho kabisa, kwenye W,
ambako alfabeti ndiyo iliyompeleka, si mimi.

Siku ile nakala moja ilikuwa shilingi elfu mbili.
Nikasema achukue bure. Akakataa.
Alitaka stakabadhi, ya serikali, yenye mhuri.
Nikafungua kitabu, nikapachika kaboni.
"Imepokelewa kutoka kwa?"
Akavuta pumzi, akanitajia polepole
kama anayempima mtu suti:
"Chanzi bin Shomvi."

Nikaandika. Kwa wino, safari hii.