Tawi Lililokaidi

Ermitas alinifunza kisu kabla ya majina.
"Jina," alisema, "hata kibao kinalijua."
Ilikuwa Februari, Soutelo, mvua siku ya kumi na tisa,
na kamelia zimechanua
kana kwamba hakuna aliyeziambia kuwa ni baridi.

Shika jani: gumu, linang'aa kama kiatu cha ubatizo,
pembezoni lina meno ya msumeno mdogo.
Sasa nenda jikoni, loweka chai ya majani mazima,
kunjua moja kutoka kwenye birika.
Meno yaleyale. Ni binamu.
Mmoja alikwenda kunywewa, mwingine kutazamwa,
na wote wawili hawapatani na chokaa.

Dona Casilda wa nyumba kubwa alizipanda
chini ya ukuta uliopakwa chokaa mpya.
Majani yakawa manjano, akamwita padri.
Ermitas akaja na gunia la majani ya msonobari.

Ua la mwituni lina petali tano, sita,
na katikati stameni tele; nyuki huingia
akatoka amejipaka unga.
Lakini ya bustani hii!
Stameni zimeacha kazi, zimevaa nguo za sikukuu,
petali juu ya petali, kwa hesabu.
Nilipasua moja hadi ndani kabisa.
Hamna chavua. Hamna mbegu. Nyuki hupita.

"Uzuri wote huu, tasa?"
"Ndiyo maana tuna ajira," akasema.

Mwaka ule mti mweupe wa nyuma ya banda,
miaka themanini bila kosa,
ulitoa tawi moja lenye ua la michirizi myekundu.
Dona Casilda akaamuru likatwe.
Likakatwa.
Ermitas akaliondoa ndani ya aproni, limelowa,
akachonga kikonyo mfano wa kabari,
akapasua shina la sasankwa, kiriba cha mizizi,
gome kwa gome, akafunga uzi wa rafia,
akafunika kwa chupa iliyokatwa kitako.
Miezi miwili hakuruhusu mtu kuchungulia.

Kwenye maonyesho mwamuzi aliuliza:
mama yake nani? Baba?
"Hana. Alikaidi tu."
Akaliandikisha Lisardo,
jina la kaka yake aliyepanda meli kwenda Caracas
akiwa na miaka kumi na sita, asiandike.

Ermitas alikufa Novemba, sasankwa zikipukutika
petali moja moja.
Zile nyingine hazipukutiki;
huanguka nzima, zikikutazama kutoka kwenye matope.

Leo nimeshika kisu chake.
Lisardo lina tawi moja lililotoa ua jeupe,
jeupe tupu, kama la mti wa zamani.
Kanuni naijua: rudio huondolewa,
lisije likaumeza mti mzima.

Mvua inanyesha. Chai imepoa.
Sijalikata.