Kwa Mpangaji Aliyeuliza Kuna Nini Karibu

Umeniuliza kwa simu, Mghoi, kuna nini karibu,
nami nikajibu mbio, kama mwenye nyumba:
maji, stima, barabara. Sikusema uongo.
Kweli yote pia sikuisema.

Maji ya mfereji huja Jumanne, usiku wa manane,
yakikohoa hewa kwanza, kisha kutu, kisha maji.
Siku nyingine zote ni mkokoteni wa Musembi.
Jina lako atalijua wiki ya kwanza,
deni lako wiki ya pili.

Duka la Bafadhili: hatua mia na kumi kwa ndara,
mia na hamsini ukimshika mtoto mkono.
Auza mafuta ya kupima, sukari ya robo, vibiriti,
na habari. Habari hazipimwi.
Zahanati iko nyuma yake. Dawa huisha tarehe ishirini,
kwa hivyo ugua mapema.

Choo cha soko kina ufunguo, ufunguo yuanao kinyozi,
na kinyozi hukaa popote.

Taa kubwa ya hapa Mikindani ilizimika mvua za mwaka juzi.
Tukaandika barua. Ikawashwa mchana.
Hadi leo yawaka mchana,
twaiita jua la serikali.

Halafu ukauliza, sauti chini,
kama mtu aombaye sindano usiku:
na majani? Kuna mahali pa majani?
Nikasema hakuna.
Ndilo lililoniketisha hapa na kalamu.

Kipo kipande. Ramani za kaunti hukiita akiba ya barabara,
sisi twakiita Kwa Nyasi.
Kadiri ya mikeka arubaini ya arusi,
kati ya ukuta wa shule na mtaro.
Nyasi zenyewe si za kusifu:
upande wa goli zimekwisha kwa visigino,
upande wa pili ni ndago, mbigili, na mbaazi
alizopanda mtu asiyejulikana na kuchumwa na kila mtu.
Mbuzi wa Tsuma hula mabango ya uchaguzi hapo,
vyama vyote, bila upendeleo.
Jioni Saumu hukodi baiskeli, dakika kumi shilingi kumi;
nane za kuanguka,
mbili za kupaa.

Ipo miarobaini miwili, na mkungu mmoja
ambao majani yake hugeuka mekundu apendapo mwenyewe.
Chini ya mkungu kuna benchi la mabomba ya maji.
Alilichomelea mume wangu, Athmani, Mungu amrehemu,
mwaka ule kiwanda kilipomwachisha.
Nilimlipa kwa kelele:
paa lavuja, nawe wawaundia watu pa kukalia!
Hakunijibu. Alilipaka rangi ya kijani
iliyosalia koponi.
Utaijua rangi hiyo. Ndiyo ya mlango wako.

Mwezi uliopita walikuja wawili na futi kamba,
wakapima, wakapiga vigingi vyekundu kumi na viwili,
wakaenda zao bila kusema na mtu.
Kulipokucha, kigingi hata kimoja.
Nani? Sijui mimi.
Najua tu kwamba siku hiyo chai yangu ilichemka upesi.

Vigingi vitarudi.
Ndiyo maana sikukutajia, mwanangu.
Niliogopa kukupangisha kitu kisicho changu,
uje ukizoee,
kisha siku moja ufungue dirisha ukute mabati.

Kodi ni ile ile.
Maji ya Jumanne nitakukingia ndoo mbili.
Na lile benchi mguu mmoja ni mfupi,
Athmani hakuwahi kuutengeneza:
mtu akikaa peke yake laenda upande.
Lataka wawili.
Mimi nimezoea kushoto.
Wewe utakaa kulia.