Safu ya Nne

Jedwali limenifikia kutoka makao makuu, kurasa kumi na moja.
Safu ya kwanza: umri.
Ya pili: miaka iliyobaki.
Ya tatu: miaka ya kujiweza,
yaani kuoga mwenyewe, kula mwenyewe,
kuinuka kitini bila kuita mtu.
Safu ya nne ni hesabu ya kutoa tu,
ya pili toa ya tatu.
Hiyo ndiyo tunayoiuza.

Mwanamke wa miaka sitini: kumi na nane, kumi na tatu.
Tano.
Tano nazidisha kwa ujira wa mtunzaji, naongeza faida,
nagawa kwa miezi, napata bei
ambayo Isevya nzima haina wa kuilipa
ila labda Mzee Kashindye wa mashine ya alizeti,
naye kaniuliza, "Nisipougua, mnanirudishia?"
Nikamwambia hapana.
Akacheka, akanimiminia asali kwenye kisosi.

Usiku napitia Cheyo kwa mama.
Nyamizi binti Mlekwa, muuza karanga wa stesheni,
aliyekuwa akikimbizana na madirisha ya treni ya Mpanda,
beseni kichwani, chenji kwenye fundo la khanga;
leo mkono wake wa kushoto ni mgeni asiyesema anaondoka lini.
Dada Kalunde humgeuza.
Saa mbili ubavu huu, saa nne ubavu ule,
saa sita tena huu.
Humpaka mafuta visiginoni. Hupuliza uji.
Mama humwita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa,
naye huitika.

Nimekaa, jedwali mapajani,
natafuta pa kumwandika Kalunde.
Alikuwa na thelathini na moja kiharusi kilipompiga mama,
ana cherehani ya kukodi sokoni, ana mchumba Urambo.
Sasa ana arobaini. Kabla ya kuinama hushika kiuno.
Miaka yake yeye ya kujiweza
inakatwa kwenye safu gani?
Malipo haya, mwezi hadi mwezi, bila stakabadhi,
nani ameyapokea?

Nimemwonyesha. Ameziangalia tarakimu,
amelamba uji uliomdondokea kidoleni.
"Hii tano," amesema, "mwambie aliyeiandika
sisi tuko mwaka wa tisa."
Halafu: "Weka hayo makaratasi. Shika hapo begani.
Siyo hivyo, utamuumiza. Kwa kiganja."

Tumemgeuza.
Ilikuwa saa nne.