Kona ya Peasi

Ratiba yetu ni fupi, inaenea kiganjani:
treni nne siku za kazi, mbili Jumapili,
ya kwanza saa kumi na moja kasorobo alfajiri,
hubeba wauguzi watatu, mwokaji mmoja,
na Otakar, dereva, anayejibeba mwenyewe.

Mimi ni kondakta. Mwaka wa kumi na tisa huu
natoboa tiketi kati ya Podlesna na Skelna,
kilomita thelathini na moja, vituo tisa,
vitatu kati ya hivyo ni vya kuomba:
usipopunga mkono, treni haikuoni;
usipobonyeza kitufe, inakupitisha kwako
huku paka wako anakutazama dirishani.

Njia kuu za Moravia zina haraka zao.
Yetu ni tawi. Wakubwa huandika “daraja la pili”,
na mhuri wao haukaukiwi wino.

Ilijengwa kwa ajili ya mchanga.
Tajiri wa vioo alitaka mchanga ushuke, makaa yapande.
Watu hakuwawaza. Waliongezwa baadaye,
behewa moja la mbao nyuma ya shehena,
kama kiraka.

Akaja mpimaji na kamba na vigingi,
akanyoosha mstari kutoka kilimani hadi mtoni,
ukakata katikati ya shamba la Vendelin Holub,
miti arobaini ya peasi.
Wakampa bei. Akasema hazijaiva.
Wakaongeza. Akasema bado.
Walipokuja na karani na karatasi ya korti
walimkuta juu ya ngazi, anachuma.
Akawarushia moja moja. Wakadaka. Wakala.
Mpimaji akafuta kidevu, akang’oa vigingi vyake.

Reli ikapinda.
Mita mia nane za kupinda kwa ajili ya mkaidi.
Chuma nacho kilikunjwa kingali mbichi,
sasa hakikunjuki.

Vita vilipopita, miti ikawa kuni za askari.
Kiwanda kikafa, mchanga ukabaki kwake.
Shambani pale pamejaa matairi mabovu, marundo meusi.
Lakini Otakar akifika hupunguza mwendo hadi thelathini,
magurudumu yanalia,
na sisi sote behewani, mwenye gazeti na mwenye usingizi,
tunaegemea kushoto
tukimpisha mtu asiyekuwapo
na miti isiyokuwapo.

Mwaka juzi walikuja wahesabu abiria,
vijana wawili na vidude vya kubofya.
Ilikuwa Jumanne ya Februari, theluji hadi magotini.
Habari zilikuwa zimewatangulia.
Bibi Ludvika wa Mokra alipanda na kushuka siku nzima,
akahesabiwa mara sita, kila mara na kofia nyingine.
Mara ya sita alivaa ya marehemu mumewe.
Mimi nilimtobolea tiketi zote sita
bila kuinua macho, maana ningecheka.

Tukaongezewa muda. Mpaka Desemba, kisha tena mpaka Desemba.

Sasa kuna mhandisi, kijana wa watu, ana adabu,
ana mchoro kwenye kompyuta: aninyooshee ile kona,
tuokoe dakika mbili.
Otakar akamuuliza, dakika mbili za kufanyia nini?
Kijana akafikiri kwa dhati. Treni ikafika kwenye kona.
Nilimwona akiegemea kushoto,
kalamu yake ikaviringika mpaka kwenye kiatu changu.

Sikumwambia habari za Vendelin.
Nilimwonyesha tu ukingo wa tuta, upande wa jua,
pale watoto wa shule hutupa makokwa tangu enzi za bibi zao:
vichaka vya peasi mwitu, chungu,
vyenye miiba, visivyo vya mtu.

Treni ya kurudi inaondoka Skelna saa kumi na moja kasoro dakika nane.
Dolni Vrany haisimami mpaka iombwe.
Ukiwa pale, hata kama huna safari,
punga.